Nililala Wapi Kule Uskoti

Tangu nirudi sijamaliza kushona hata sketi moja. Kila anayeingia kibandani kwangu hapa Sarang'ombe, Kibera, anakalia kitambaa cha mteja, ananiuliza habari za ndege, na kabla sijajibu anauliza lile lililomleta: ulilala wapi? Wajaluo mnauliza kwa sauti ya chini, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Wengine mnauliza mkicheka. Nimechoka kurudia. Nimeandika yote humu, Mama Otieno atawasomea Jumatano baada ya maombi, nami niachwe na cherehani yangu.

Kibera hadi Kawangware

Barua ya Akinyi ilifika mwezi wa nne. Mnajua binti yangu huyu alikwenda Uskoti kusomea unesi, akaolewa huko na mfugaji wa kondoo anayeitwa Ewan, na mnajua pia kwamba alikuwa amepoteza mimba mbili. Sasa alikuwa na ya tatu, miezi saba. Daktari alikuwa amemkataza kusimama sana, na mume wake alikuwa ameshanunua tiketi. "Mama, njoo," aliandika, akapiga mstari chini ya maneno hayo.

Nilifurahi kwa muda wa kuchemsha chai. Halafu woga ukaingia, na haukutoka tena mpaka mwezi wa saba.

Kwa wasio wa kwetu nieleze. Kwetu mama halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Mchana anaweza kuja, akakaa karibu na mlango, akanywa chai kwa adabu. Chumba chao cha kulala haingii kabisa. Ukivunja mwiko huo inakuja chira, na chira haimwandami aliyekosa peke yake. Inamtafuta aliye mdogo na dhaifu katika nyumba na kumkausha. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba sauti ya pili, nimeombewa mara nyingi niache hofu hizi. Lakini katika nyumba ile aliye mdogo na dhaifu alikuwa mtoto wa tumboni, na wawili walikuwa wameshatangulia.

Hapa Kibera tuna njia. Mama mkwe akija kutoka nyumbani analala kwa jirani. Hakuna anayeuliza, jirani anatandika mkeka basi. Nikajiambia huko nako kutakuwa na jirani, na Akinyi atapanga. Sikumwandikia. Jambo kama hilo mama halitamki, binti anatakiwa alijue mwenyewe. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo nililibeba kutoka Nairobi pamoja na unga na omena, dagaa wetu wa ziwani.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda Kawangware kwa Mama Njoroge, yule mteja wangu mwenye ploti na vyumba vya kupangisha, achukue magauni yake. Aliponiona na sweta langu jembamba aliingia ndani, akatoka na koti zito la sufu aliloachiwa na Mzungu aliyekuwa mwajiri wake zamani.

"Hii koti imekaa kwa sanduku tangu Uhuru," alisema. "Na huko utalala wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani gani? Unamjua?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Akinyi, hiyo mambo yenu ya wakwe itakumaliza. Enda ulale kwa kitanda kama watu. Mtoto akizaliwa nani atakuuliza?"

Nilimwambia chira huwa haiulizi. Aliacha kucheka, akanifunga vifungo vya koti mwenyewe mpaka shingoni.

Embakasi hadi London

Ndege iliyokuwa iondoke asubuhi iliondoka jioni. Walisema kuna kifaa kinabadilishwa, na mtu akishakuambia hivyo utakaaje hewani kwa amani? Karibu nami alikaa mama mmoja wa Machakos aliyekuwa anamfuata mwanawe. Alishikwa na usingizi kabla hatujaondoka ardhini, mdomo wazi, nami nikawa nasikiliza injini kwa niaba yetu sote wawili. Chakula kilikuja katika visahani vidogo kama vya watoto wanaocheza kupika. Nilikula mkate, siagi nikaiweka mfukoni mwa koti kwa baadaye, na humo ikayeyuka. Mama Njoroge, lile doa ni siagi.

London, kwenye meza ya pasipoti, afisa alinipokea kwa adabu.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa binti yangu na mume wake."

"Utalala hapo kwao?"

Mimi sijazoea kudanganya serikali. "Hapana," nikamwambia. "Hapo siwezi kulala."

"Utalala wapi basi?"

"Kwa jirani."

"Anaitwa nani?"

"Bado simjui."

Aliweka kalamu chini. Nilipelekwa kwenye benchi, nikakaa hapo saa tatu nzima na koti langu la sufu, jasho likinitoka. Mama wa Machakos alipita, amelala vya kutosha, akanipungia mkono. Nilifikiri nitarudishwa, na Akinyi atakaa peke yake kitandani akihesabu siku kwa sababu mama yake hakujua kujibu swali la kitoto.

Mwishowe alikuja afisa mwanamke akitabasamu. Walikuwa wamepiga simu. "Mkwe wako anasema chumba chako kiko tayari," aliniambia. "Amekipaka rangi ya manjano mwenyewe, na kitanda amekitengeneza kwa mikono yake."

Alitegemea nifurahi. Nilisema asante sana, lakini sasa nilijua Akinyi hakuwa amepanga kitu.

Treni mbili na nusu

Treni yangu ilikuwa imekwenda. Nilipata nyingine, nikabadilisha, halafu nikapanda kile ninachokiita nusu treni, mabehewa mawili tu, ya kwenda milimani.

Mtaniuliza nchi ikoje. Baridi yake ni ya Limuru mwezi wa saba, na huo ulikuwa mwezi wa tano, wao wanasema joto limeanza. Milima ni mikubwa na mingi haina miti. Kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, maji kila mahali, na kondoo waliopakwa rangi ya buluu mgongoni. Nilidhani ni ugonjwa, au kuna mtu anayewafanyia watu ubaya, kumbe ni alama ya mwenye mali. Ni nchi nzuri, sikatai, ila mimi sikuitazama kama mgeni anavyotazama. Macho yangu yalitafuta kitu kimoja tu, nyumba mbili zilizokaribiana. Naona nyumba moja, halafu kilima kizima. Naona nyingine, halafu ziwa. Jirani wa kuazima mkeka nilikuwa simwoni.

Mbele yangu aliketi mama mmoja akifuma soksi bila kuziangalia. Alinipa mkate wenye jibini, nikampa maandazi yangu, ambayo kwa wakati huo ungeweza kupigia msumari. Aliyala yote kwa heshima. Nilipomtajia kijiji nilichokuwa nakwenda, jina ambalo sitaliandika kwa sababu hata wenyeji kila mtu analitamka kivyake, alisimamisha sindano.

"Umemwambia kondakta?"

"Nimwambie nini?"

"Treni haisimami pale ila ukimwambia."

Jamani, treni isiyosimama kwenye stesheni yake. Nilimwambia kondakta. Nikamwambia muuza chai. Nikamwambia na mtu mwingine aliyevaa sare, ambaye alinisikiliza vizuri sana halafu akasema yeye ni mwanajeshi yuko likizo. Baada ya muda treni ikasimama ghafla katikati ya nyika. Nilishika mizigo, nikafungua mlango, mguu mmoja ulikuwa tayari nje yule mama alipolivuta koti langu kwa nyuma. Kondoo walikuwa wamelala kwenye reli. Tulikaa pale mpaka wakaamua kuondoka wenyewe.

Nyuma ya pikapu

Ewan alikuwa peke yake stesheni, kama inaweza kuitwa stesheni, ubao na benchi. Ni mrefu, shingo nyekundu kwa jua na upepo, mikono mikubwa. Alikuja amefungua mikono anikumbatie.

Mkwe hakumbatiwi. Nilirudi nyuma hatua mbili na kuweka kapu la omena kati yetu. Mikono yake ikabaki hewani, halafu akaishusha, akachukua mizigo. Alinifungulia mlango wa mbele wa pikapu. Kiti kilikuwa kimoja kirefu, tungeketi bega kwa bega. Nilimwambia asante, nikazunguka, nikapanda nyuma, nikakaa juu ya gunia karibu na mbwa wake.

"Mama, kuna mvua," alisema.

"Nina koti."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kijijini. Barabara moja, kanisa la mawe meusi, duka ambalo pia ni posta, na nyumba kama kumi na mbili zilizotupwa huku na huku. Kila mlango uliokuwa na mtu, mtu huyo alimwona Ewan ameketi mbele pakavu na mama mkwe wake nyuma analoa na mbwa. Mimi nilidhani nimemheshimu. Baadaye nilisikia kwamba dukani walimwacha bila kumsalimia wiki nzima.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho, mbele ya mto wenye maji ya kahawia kama chai isiyo na maziwa. Nilishuka na kusimama kwenye geti. Akinyi alitoka mlangoni, tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni, na nilipomwona alivyokonda uso nilitaka kulia.

"Mama, mbona umesimama kwa gate? Ingia, unanyeshewa."

"Nitalala wapi, Akinyi?"

"Mama, wewe si umeokoka? Mimi nilidhani hiyo maneno uliacha."

"Nimeokoka, ndiyo. Na wewe umepoteza watoto wawili. Mimi siwezi kuwa sababu ya huyu."

Alimgeukia mumewe, akamweleza kwa Kiingereza cha haraka, hapo mvuani. Niliona shingo ya Ewan ikizidi kuwa nyekundu. Kupitia dirishani nilikiona kile chumba, manjano tupu, na kitanda kina shuka mpya. Ewan alichukua begi langu, akalivusha darajani kwenda kwenye nyumba pekee iliyoonekana ng'ambo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Lakini nilimfuata.

Ng'ambo ya mto

Mwenye nyumba aliitwa Morag, mjane, umri wangu au zaidi kidogo, mgongo umenyooka. Ewan alimweleza mlangoni. Alinikagua toka viatuni hadi kichwani.

"Ni sheria ya kwenu?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi. Hapa pia kuna sheria. Jumapili hatufui, hatuaniki, hatushoni, na viazi vinamenywa Jumamosi. Ingia."

Nilikaa kwake wiki tatu. Alinipa uji wa chumvi, nikatafuta sukari kwa macho, hakuinuka. Nilimpikia omena, akafungua madirisha yote mawili, lakini alikula. Jiko lake lilichoma udongo mweusi wanaoukata kama matofali na kuukausha juani, na moshi wake ulikuwa mtamu puani. Jua huko lilikataa kuzama. Saa tatu usiku bado mwanga mweupe, nami nimelala macho wazi nikitazama ng'ambo taa ya Akinyi kama itawaka. Ikiwaka, naketi kitandani. Ikizimwa, naanza kuhesabu siku upya.

Mchana nilivuka daraja, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na Akinyi akalala kwenye kochi. Nilimshonea mtoto nguo, halafu naogopa kwamba nashona mapema mno, naficha. Ewan akiingia, mimi natoka. Alikuwa ananiachia maziwa kwa Morag kila asubuhi bila kubisha hodi. Nilimwuliza Akinyi kama amekasirika.

"Hajakasirika, Mama. Anafikiri hutaki nyumba yake."

"Umwambie si hivyo."

"Nimemwambia. Ananiuliza maswali kila siku. Juzi ameniuliza kama huo mwiko uko kwa mawe ya nyumba ama kwa mtu."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jumapili ya mvua

Mpango ulikuwa hospitali ya mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari. Jumamosi mvua ilianza na haikukatika. Jumapili nilikwenda kanisani na Morag. Pale wanaimba wameketi na wanaomba wamesimama, bila kinanda, na mahubiri ni marefu kuliko ya kwetu, sasa mnajua kuna yaliyo marefu zaidi. Tulipotoka Ewan alikuwa anatukimbilia barabarani bila kofia.

"Ameanza. Na barabara ya chini iko chini ya maji."

Morag alikwenda kwenye simu kumwita mkunga. Mimi nilikimbia na Ewan mpaka getini, na hapo miguu yangu ikasimama.

Nataka mnielewe vizuri. Nilimsikia mtoto wangu akilia. Alikuwa kitandani mwao, chumbani mwao, na kwa vyovyote nisingetoka humo kabla ya kesho. Nikiingia, nauvunja mwiko wote kwa mara moja, saa ile ile mtoto anapokuja. Nisipoingia, anazaa peke yake na mwanamume wa kondoo. Nilimwambia Ewan amlete sebuleni. Alisema hawezi kusogea. Nilishika nguzo ya geti, nikamwomba Mungu aniambie lolote, na nilichosikia ni mvua.

Ewan alinitazama. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba buti zake za mpira, koti, blanketi na kikombe cha kunyolea ndevu, na mbwa anamfuata. Alivipeleka vyote katika kibanda cha mawe ambamo kondoo huzalia, upande wa pili wa uwanja. Akarudi, akaniwekea ufunguo mkononi bila kunigusa.

"Mimi naishi kule," alisema. "Sina nyumba hapa. Hii ni ya Akinyi."

Sikusubiri kufikiri. Niliingia.

Akinyi ni nesi, yeye mwenyewe aliniambia cha kufanya, katikati ya uchungu, kwa ukali kama sista wa wodi. Mkunga aliletwa na trekta, matope mpaka magotini, akafika kichwa kikiwa kimeshaonekana. Mtoto alitoka akiwa wa kijivu. Hakulia. Mkunga alimgeuza, akamsugua mgongo, nami nilikuwa nimesimama ndani ya chumba nisimopaswa kusimama, mikono kichwani, nikijua ni mimi niliyeileta chira. Akamsugua tena. Halafu mtoto akalia, kelele nyembamba, na mimi nikaketi sakafuni.

Ni msichana. Tulimwita Akoth kwa sababu ya ile mvua.

Baada ya kumsafisha mama na mtoto nilifungua dirisha kumwita baba yake, na mvua ilikuwa imepungua. Ng'ambo ya mto nilimwona Morag. Alikuwa amechukua mashuka ya Akinyi, aliyopewa na mkunga mlangoni, ameyafua, na sasa alikuwa anayaanika kwenye kamba, manne, meupe, Jumapili mchana, mbele ya kijiji kizima. Majirani waliotoka kuangalia mafuriko walisimama kumtazama. Hakugeuka. Mpaka naondoka hakulitaja jambo hilo, na mimi sikumwuliza.

Kurudi

Nilikaa na Akinyi wiki nne nyingine, nikipika uji, nikimkanda, nikilala katika chumba cha manjano. Kitanda kile ni imara, hakilii hata ukijigeuza. Ewan alilala kwa kondoo siku zote hizo. Kila jioni alikuja dirishani, ananawa mikono kwenye ndoo, nami nampitishia mtoto kwa blanketi. Anasimama naye nje, vijidudu vinamuuma masikio, anamsomea majina ya milima. Akichoka mtoto, anamrudisha dirishani.

Nimeshawauliza wazee wa kwetu kama ile ilikuwa njia. Mmoja alikohoa, mwingine akasema atafikiri. Bado nina wasiwasi, sitawaficha. Kila barua ya Akinyi naifungua nikiwa nimeketi. Mpaka leo Akoth anaongeza uzito.

Kwa hiyo mnaouliza nililala wapi, jibu ni kwamba nililala kwa binti yangu. Mkwe wangu hakuwa na nyumba.

Siku ya kuondoka basi la posta, linalobeba barua na watu, lilinichukua getini. Morag alinipa soksi na kunishika mkono kwa nguvu. Ewan alisimama mlangoni mwa kibanda chake, akavua kofia, nami nikainamisha kichwa. Manyunyu yalikuwa yameanza. Basi lilipoondoka niligeuka nyuma. Akinyi alikuwa mlangoni na mtoto, anamwita mumewe kwa mkono. Naye alikuwa amefika uani, buti zake kwapani, blanketi begani, amesimama tu. Hakuwa anamtazama Akinyi. Alikuwa anatazama basi, anangoja livuke daraja.

Nikamwambia dereva akaze mwendo kidogo, kuna mtu ananyeshewa na anataka kuingia nyumbani kwake.